Vijana wa kanisani wameukataa muswada wangu wa riwaya, na naona wana haki (Tanga)

MwanaMakorora:

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za saa hizi.

Uzi huu ni mrefu. Asiye na muda apite tu, asinitukane.

Mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa moja la Kiprotestanti hapa Tanga mjini, jina naliacha. Kinachonilisha ni cherehani, nashona sare za shule Ngamiani. Usiku naandika. Kwa miaka mitatu nimekuwa na riwaya ya Kikristo ya vijana, imefika kurasa 112, na mwezi uliopita nikaona kabla sijaipeleka kwa mchapaji yeyote niwasomee wenyewe inaowahusu. Nikatoa kopi saba, wakashika wawiliwawili, vijana 14, wa kidato cha kwanza mpaka cha nne. Tulikaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa baada ya ibada ya pili, nimewanunulia bajia na juisi ya ukwaju ili wasinikimbie.

Hadithi ilikuwa hivi. Tumaini, miaka 16, kidato cha tatu, anaimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana. Ghafla hawezi kusali. Akipiga magoti usingizi, akifungua Biblia herufi zinacheza. Darasani anaporomoka kutoka wa tatu hadi wa thelathini. Kumbe jirani yao, Bi Mwanakombo, bibi wa baibui anayeuza udi na ubani, kamtupia jini la baharini. Sura ya tisa anakuja mtumishi kutoka Dar es Salaam, mkesha unapigwa, jini linaunguruma kwa sauti ya kiume, linataja lilikotumwa, linatoka. Sura ya kumi Tumaini wa kwanza darasani. Ukurasa wa mwisho nimeweka sala ya toba ya kufuatisha.

Nilipofunga nilitegemea makofi. Walikuwa wanasikika kunguru tu. Kisha kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye hata kwenye mafundisho huwa hafungui mdomo, akauliza:

"Dada, kabla hajatupiwa hilo jini, Tumaini alikuwa anasali vizuri?"

Nikasema ndiyo.

"Kila siku?"

Ndiyo.

"Basi huyo si mimi."

Wenzake wakacheka, halafu ndipo waliponifungukia. Mmoja: "Anaomba ukurasa wa 97, ukurasa wa 98 kashajibiwa. Mimi naomba baba aache pombe tangu niko darasa la tano." Binti mmoja: "Miaka 16 na hamuwazi mvulana hata mara moja?" Mwingine, huyu alisema kwa upole ndiyo maana ikaniingia zaidi: "Bi Mwanakombo ni kama bibi yangu mzaa mama. Bibi Mwislamu, anauza udi, na ada yangu ndiye anayelipa. Kitabu hiki nitakificha wapi asikione?"

Nilijitetea kidogo. Nikasema riwaya ni mfano tu. Hawakubishana nami, walimalizia bajia zao, na nyie mnajua kijana akinyamaza namna ile maana yake ameshakuhukumu.

Sasa lililonifanya nifungue uzi ni hili. Wakati wa kukusanya vikombe binti mmoja alibaki. (Ameniruhusu niseme, bila jina wala shule.) Akaniambia kwenye felosipu ya shuleni, kila wanapoombewa, yeye huanguka, na hajawahi kusikia kitu chochote. Hujiangusha. "Nisipoanguka wataniombea mpaka saa saba usiku, halafu watasema nina agano la ukoo." Kisha akaniuliza, mikono imejaa vikombe: "Dada, hiyo ni dhambi gani? Ina jina?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaongea Jumatano.

Nimerudi nyumbani nikausoma muswada upya, nikaona nilichoandika si riwaya, ni ushuhuda mrefu. Siudharau ushuhuda, nimelelewa nao. Lakini mtoa ushuhuda anasimama mbele akiwa ameshapona, ndiyo maana kapewa kipaza sauti. Hujawahi kuona mtu anaitwa mbele akiwa bado yuko katikati ya jambo lake, aseme "sijui itaishaje" kisha akae. Mwenye miaka 16 yuko katikati kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili. Vitabu tunavyomwandikia vyote vimeandikwa kutoka ng'ambo ya mto.

Na jingine: nilimtafutia Tumaini adui wa nje kwa sababu adui wa ndani alinishinda kumwandika. Jini ni rahisi. Lina sauti, lina siku ya kuja na siku ya kutoka. Ukavu wa moyo wa binti wa kwaya hauna hata harufu.

Naomba maoni. Riwaya ya Kikristo ya vijana inaweza kuisha bila muujiza na ikabaki ya Kikristo?

Kapteni wa Raskazone:

Nimeweka kiti. Uzi wa Tanga usiohusu mapenzi, sijawahi kuuona.

Mgeni wa Bara:

Kwa hiyo mleta mada unataka kutuambia Tanga hakuna majini? 😂

Nyundo ya Injili:

Dada, nimekusoma kwa masikitiko. Mimi nilifunguliwa. Sikusoma kwenye kitabu, nilikuwa mimi mwenyewe, sakafuni, nikiwa na miaka 19, na mama yangu aliyelia usiku ule bado yu hai. Usicheke na mambo ambayo wengine yametugharimu.

Waefeso 6:12, kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Paulo hakusema tushindane na "ukavu wa moyo." Na kijana ukimpa kitabu kisicho na ushindi umempa sahani tupu. Kuna watoto huko nje wanataka kujiua, weye unawaandikia "sijui itaishaje"? Yesu alijibu maombi. Andika hivyo.

Hao vijana wako wamezoea hadithi za simu, sehemu ya 14 inaendelea, tuma elfu moja upate sehemu ya 15. Usiwape usukani.

MwanaMakorora:

Kaka Nyundo, sijacheka na sitacheka. Wala sijasema mapepo hayapo. Nimesema nililiweka jini pale kwa uvivu wa mwandishi.

Lakini mstari ulioutaja ndio unaonihukumu. Kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Kwenye muswada wangu aliyeshindwa mwishoni ni nani? Bi Mwanakombo, damu na nyama, tena mzee, anahama mtaa usiku na duka lake linafungwa, na mimi nimeandika kwa furaha kabisa. Jini lenyewe limepewa nusu ukurasa.

Kuhusu sahani tupu, nakusikia, na hilo la kujiua limenikalisha chini. Nitalirudia. Ila Biblia yenyewe ina Zaburi ya 88. Soma mpaka mwisho uone inaishia wapi. Haina "lakini nitamsifu" kama zile nyingine, inaishia gizani, na waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo hivyo. Na Yakobo kwenye Mwanzo 32 alishindana mpaka alfajiri, baraka akaipata, ila aliondoka anachechemea. Mimi Tumaini wangu nilimtoa mkeshani anakimbia.

Msomaji wa Chumbageni:

Hili la mapepo kuvamia riwaya za Kikristo halikuanzia kwetu. Marekani mwaka 1986 Frank Peretti alitoa riwaya ya malaika na mashetani wanaopigana juu ya mji mdogo, jina lake likitokana na mstari huohuo wa Waefeso, na iliuzwa mamilioni. Nimeisoma. Watu wanakumbuka mapanga na mabawa, lakini ndani mle kuna mhariri wa gazeti ambaye binti yake anamponyoka, kuna mchungaji ambaye nusu ya kanisa lake halimtaki. Wanaomuiga huchukua mashetani, wakauacha mji.

Mleta mada, mji unao. Una Ngamiani yenye barabara za namba, una baiskeli, una mbaazi za nazi asubuhi. Mbona kwenye muhtasari wako sijauona?

FomuFoo Mstaafu:

Naandika hii nikiwa nimefunga mlango wa ofisi.

Mimi sikujiangusha. Mimi nilinena kwa lugha ya kughushi. Shule ya bweni mkoa huu huu, jina na mwaka navificha. Wenzangu wote chumbani walikuwa wameshajazwa, nimebaki peke yangu, na kiongozi wa maombi alikuwa ananiangalia kama mgonjwa asiyeitikia dawa. Siku ya tatu ya mfungo nikachukua Kisambaa cha bibi yangu, yale maneno machache ninayoyajua ya jikoni, nikayasema haraka haraka nikiyakatakata. Nikasikia "Haleluya!" nyuma yangu, nikaongeza kasi.

Shida ikawa aliyepiga magoti kulia kwangu alikuwa mtoto wa Lushoto. Akanifinya. Akaninong'oneza: "Mbona unaomba kuni?"

Tulicheka mpaka machozi, na watu wakadhani ni furaha ya Roho, wakatuzunguka wakaimba. Lakini usiku sikulala. Nilijua nimemdanganya Mungu mbele ya watu 30, na jambo la ajabu ni kwamba ule usiku, kwa ile aibu, ndiyo mara ya kwanza nilisema na Mungu kwa maneno yangu mwenyewe. Kiswahili cha kawaida. Nilisema "nisamehe, niliogopa kubaki peke yangu." Basi. Hakuna kilichotokea. Sikutetemeka wala nini. Asubuhi nilikwenda kupiga mswaki.

Nina miaka 34 sasa, ni mzee wa kanisa, na sijawahi kumwambia mtu. Yule wa Lushoto ni rafiki yangu mpaka leo. Mwambie binti yako dhambi yake haina jina lakini ina ndugu wengi.

Kapteni wa Raskazone:

"Mbona unaomba kuni" 😭 Nimemwaga chai kwenye kompyuta ya ofisi.

BintiSahare:

Mie Mwislamu, nimeingia huku kwa sababu ya kichwa cha uzi, mniwie radhi.

Huyu kijana aliyesema "nitakificha wapi" namshika mkono. Hamjui inavyokera. Kila filamu, kila hadithi ya simu, mchawi ni bibi wa baibui na udi. Udi jamani! Udi tunafukiza nguo, tunamfukiza bibi harusi, mgeni akija tunamfukizia nyumba. Ukikuta mtu kageuza harufu ya nyumba ya bibi yako kuwa harufu ya kuzimu unajisikiaje? Ramadhani hao hao Wakristo wa mtaani kwetu mama yangu anawapelekea futari, na Krismasi sinia zinarudi na pilau. Hilo halijaandikwa na mtu.

Halafu kuna jambo jingine. Mnatafuta mfano wa mapambano ya ndani kama vile Kiswahili hakina. Utenzi wa Al-Inkishafi mmeusahau? Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate anakaa na moyo wake kama mtu na mtoto mkaidi, anauuliza mbona huoni, mbona hujifunzi, anautembeza kwenye majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki popo na buibui. Beti kwa beti, na humsikii akisema kuna jirani kamroga. Aliyemkera ni moyo wake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wala hakikuvuka bahari.

Tena usije ukakosea upande wa pili, ukamgeuza Bi Mwanakombo malaika wa kumpa Tumaini nasaha. Bibi wa udi naye anapunja mizani. Bibi yangu alikuwa anapunja, Mungu amrehemu.

MwanaMakorora:

Shoga, hapo umenishika. Nilikuwa nimeshaanza kumgeuza malaika. Nimefuta.

Na hilo la kuusemesha moyo, Zaburi ya 42 inafanya hivyohivyo, mtu anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama. Nimeisoma maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba ni mazungumzo ya mtu mmoja. Kiufundi imenisaidia kuliko ushauri wote niliopewa: Tumaini anaweza kuusemesha moyo wake na moyo ukamjibu vibaya.

Babu wa Muheza:

Vijana, salaam. Mie ni mtoto wa misheni ya Magila, Mwanglikana wa kuzaliwa, sasa ni mzee wa kukaa barazani. Mjukuu ananiandikia haya, akikosea herufi mlaumuni yeye.

Mleta mada anauliza kama kuna hadithi ya Kikristo ya kijana aliye katikati. Ipo, tena ya Mwafrika. Augustino, mzaliwa wa Thagaste, leo ni Aljeria, aliandika Maungamo yake karibu na mwaka 400. Kitabu cha pili anasimulia alipokuwa na miaka 16. Je, anasimulia zinaa? Anaigusa. Lakini analolikalia, kurasa na kurasa, ni wizi wa mapeasi. Yeye na kundi lake walikwenda usiku wakautikisa mti wa watu, wakachukua mzigo, wakawatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa na mapeasi mazuri zaidi. Na mzee mzima, askofu, bado anajiuliza: kwa nini niliiba? Anafika mahali anasema peke yangu nisingeiba. Niliiba kwa kuwa tulikuwa wengi.

Sasa huyo binti anayejiangusha, na huyo bwana wa kuni, si wizi ule ule wa mapeasi? Wasingefanya wakiwa peke yao.

Na mkumbuke, Augustino aliiba akiwa na 16, akabatizwa mwaka 387 ana miaka 32. Mama yake Monika alilia miaka yote hiyo. Mwenye kuandika sala ukurasa wa 97 na jibu ukurasa wa 98 angempunja Monika.

La pili, mnasema hatuna jadi ya vijana. Shule ya Kiungani kule Unguja, ya UMCA, wamisheni wa Kianglikana hao hao waliotuletea Magila, wavulana waliokombolewa utumwani waliandika wenyewe habari za maisha yao: walivyokamatwa, walivyouzwa, walivyofika. A. C. Madan akazitafsiri kwa Kiingereza zikatoka kitabu mwaka 1887. Mwaka uliofuata wakaanza gazeti, Msimulizi. Wale walikuwa watoto wa rika la hao wako. Hawakuandikiwa, waliandika. Weye umewapa bajia, je, kalamu umewapa?

Nyundo ya Injili:

Shikamoo babu. Hilo la Monika nimelipokea.

Lakini bado nasema ALIBATIZWA. Mwisho upo.

Babu wa Muheza:

Marahaba. Upo, mwanangu. Ila hakuukimbilia.

Mfunga Vitabu:

Niongee ya kazini kwa sababu naona mnaelea.

Nimefanya kazi kwenye uchapaji wa vitabu vya dini miaka mingi, sasa niko pembeni. Viwanda vya makanisa vipo, na vingine vya siku nyingi. Hapa mkoani tuna Vuga kule milimani, urithi wa Walutheri, na kusini kuna Ndanda ya Wabenediktini. Kazi inayolisha mashine ni vitabu vya nyimbo, katekisimu, kalenda, masomo ya ipaimara. Riwaya ya kijana ikija inakuja na mfadhili, na mfadhili ana masharti yake. Niliwahi kupokea muswada mzuri sana wa kijana aliyepoteza imani baada ya kifo cha kaka yake. Waliokuwa wanalipa wakataka sura tatu za mwisho ziandikwe upya, arudi kanisani. Akarudi. Kitabu kikachapwa, kikagawiwa bure kwenye mkutano, na siku ya pili niliona muuza karanga anafungia kurasa zake. Kile cha kwanza, ambacho hakikuchapwa, bado nakikumbuka. Hiki cha pili nimekisahau hata jina la mhusika.

Upande wa pili nao uujue. Ukiandika ukweli wa binti kwa Kiswahili utapigwa. Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, jina lenyewe limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, akaonyesha malezi ya baba mkali yanavyoweza kummaliza binti, ikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye ikaja kusomeshwa. Si riwaya ya kidini kwa maana yako, ila inakuonyesha saa inavyokwenda: wakubwa hukasirika kwanza, husoma baadaye.

Kama hutaki mfadhili wa kukuandikia mwisho, kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, na riwaya imo. Fuatilia matangazo yao. Na ondoa sala ya toba ukurasa wa mwisho kabla hujatuma popote. Mwenye kutubu hahitaji kuandikiwa kwa italiki.

Mama wa Mapacha Mabawa:

Mimi ni mzazi tu. Mwanangu yuko kidato cha pili na jana nimemuuliza, huwa unajiangusha? Akanitazama, akasema "Mama naomba chumvi." Nimejibiwa.

Mgeni wa Bara:

Jamani nilikuja kutafuta majini, nimeishia kumtumia dada yangu ujumbe baada ya mwaka mzima. Uzi gani huu.

Nyundo ya Injili:

MwanaMakorora, ulisema utalirudia lile la watoto wanaotaka kujiua. Sijaona. Sikulitaja kwa ubishi. Lilishatokea kwenye kundi langu.

MwanaMakorora:

Pole sana kaka. Sikulisahau, nilikuwa natafuta namna ya kulisema.

Nimelifikiria hivi. Kijana aliye pabaya kiasi hicho akikisoma kile kitabu changu cha kwanza, anasoma kwamba wanaosali vizuri hujibiwa siku ya pili. Yeye kasali miezi minane. Atajumlisha mwenyewe. Kwa hiyo ushindi wa haraka nao unaweza kumsukuma. Lakini na weye una haki kwamba giza tupu halifai, na siwezi kuwa na amani nikiliacha hivyo. Nilichofanya ni kuhakikisha Tumaini, kwenye sura mbaya kuliko zote, hayuko peke yake chumbani. Kuna mtu anamtafutia kandambili zake. Hamhubirii, anatafuta kandambili, moja imeingia chini ya kitanda. Na kwa vijana wenyewe, nje ya kitabu, tumekubaliana na mama mchungaji kwamba mtoto akisema jambo hilo hatuliachii maombi peke yake, tunampeleka hospitali siku hiyo hiyo na mtu mzima anakaa naye.

Hiyo sura ya kandambili nimeiandika kwa ajili ya huyo wa kundi lako.

Nyundo ya Injili:

Asante dada.

MwanaMakorora:

MREJESHO, wiki ya sita.

Nimetupa kurasa 70 hivi. Jini limeondoka bila kukemewa. Bi Mwanakombo yupo, anauza udi, anapunja mizani, na hahusiki na lolote, isipokuwa duka lake ndipo Tumaini anapojificha mvua siku aliyotoroka mazoezi ya kwaya. Wanakaa kimya. Bibi anamwambia mlango usiufunge wote, wateja watadhani nimekufa. Ndiyo hivyo tu. (BintiSahare, mizani nimeiweka kwa heshima ya bibi yako.)

Sura iliyonitoa jasho ni ya mkesha. Tumaini anajiangusha. Yuko sakafuni, macho kafumba, wamemfunika khanga miguuni, simenti ya baridi. Anasikia kila kitu: kiatu cha mtu kinalia, mtoto anaomba kojo, simu ya mtumishi inatetemeka mfukoni. Anajiuliza alale dakika ngapi ndipo ionekane kweli. Pembeni yake naye kaanguka dada kiongozi, yule anayeogopwa na felosipu nzima kwa upako. Na katikati ya makelele, bila kufungua macho, dada kiongozi anamnong'oneza: "Sogea kidogo, umenilalia mkono."

Niliisoma Jumapili iliyopita chini ya mwembe ule ule. Safari hii bajia hazikutosha, wamekuja 19. Kwenye "sogea kidogo" walicheka, kisha wote kwa pamoja wakaacha kucheka, na kuna wawili watatu hawakuinua macho kwa muda. Yule wa kidato cha pili akauliza kama kwenye sura inayofuata Tumaini anasali. Nikamwambia anajaribu. "Anajibiwa?" Nikamwambia sijaiandika bado. Akasema, "Usiiandike haraka."

Babu, kalamu nimewapa. Wanne wameniletea karatasi. Sitasema zina nini.

Nilimwachia mmoja wao kopi aende nayo nyumbani. Imerudi leo, ina mafuta ya bajia, ukurasa wa 63 haumo. Nikamuuliza. Akasema dada yake kauchomoa, kakataa kuurudisha. Dada mtu ana miaka 20, anauza samaki Deep Sea, na kanisani hajakanyaga tangu mazishi ya mama yao.

Ukurasa wa 63 ni ule wa kandambili. Kesho napita duka la kopi nitoe mwingine.